Faili Moja, Mikono Mingi

Lahajedwali la kompyuta lilizaliwa likiwa chombo cha mtu mmoja. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa darasani akimtazama profesa akijaza jedwali la hesabu za kampuni ubaoni. Namba moja ikikosewa, profesa hana budi kufuta na kuandika upya kila namba iliyoitegemea ile ya kwanza. Bricklin akawazia ubao unaojirekebisha wenyewe. Alimshirikisha rafiki yake Bob Frankston, naye Frankston ndiye aliyeandika programu, akifanya kazi usiku kwa kuwa usiku ndipo malipo ya kutumia kompyuta yalipokuwa nafuu. Oktoba 1979 VisiCalc iliingia sokoni kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Ilikuwa na safu 63 na mistari 254, jumla ya seli 16,002.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo kwa kawaida hupitwa haraka. Kompyuta aliyokodi Frankston usiku ilikuwa ya mfumo wa Multics wa chuo cha MIT, mashine kubwa iliyohudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Kila mtumiaji aliketi mbele ya kituo chake, mashine ikawagawia muda, ikalinda faili la huyu lisiharibiwe na yule. Programu iliyomweka kila mhasibu peke yake na mashine yake iliandikwa ndani ya kompyuta ambayo tayari ilijua kuishi na watu wengi. Naamini shida zote zilizofuata zinaanzia hapo. Kompyuta ndogo ilipojitenga na mashine kubwa, ilichukua hesabu na kuacha nyuma ujuzi wa kushirikiana.

Ujuzi huo ulikuwa umekwisha kukomaa. Kufikia 1964 shirika la ndege la American Airlines, likisaidiwa na IBM, lilikuwa linaendesha mfumo wa SABRE, ambao makarani wa tiketi katika miji mbalimbali ya Marekani waliutumia kuuza viti vya ndege zile zile bila kiti kimoja kupewa abiria wawili. Mwaka 1976 Jim Gray na wenzake watatu wa maabara ya IBM huko San Jose, California, walichapisha utafiti juu ya jambo linaloonekana dogo: ukubwa wa kufuli. Mtu mmoja anaporekebisha kumbukumbu, wa pili azuiwe kugusa nini? Hifadhidata nzima, faili moja, au rekodi moja tu ndani ya faili? Kufuli kubwa ni rahisi kulisimamia, ila linawapanga watu foleni. Kufuli dogo linawaacha wengi wafanye kazi pamoja, ila linaidai mashine ifuatilie maelfu ya makufuli kwa wakati mmoja. Wahandisi wa benki na mashirika ya ndege walilijua swali hili vizuri. Watengenezaji wa malahajedwali hawakuwa na haja nalo bado, kwani kila nakala ya VisiCalc ilikuwa na bwana mmoja, mbele ya skrini moja.

IBM ilitoa kompyuta yake ndogo Agosti 1981, na Januari 1983 kampuni ya Mitch Kapor, Lotus, ikaleta programu ya 1-2-3 iliyoandikwa na Jonathan Sachs. Mistari ilipanda hadi 2,048 na safu zikawa 256. Mwaka wa kwanza Lotus iliuza bidhaa za dola milioni 53. Idara za fedha zilianza kununua kompyuta kwa sababu ya programu hiyo moja, na hesabu zilizokuwa zikitunzwa kwenye leja za pamoja zikahamia kwenye flopi za watu binafsi. Kushirikiana kulikuwa kwa miguu: unatoa flopi kwenye mashine yako, unampelekea mwenzako wa chumba cha pili, anafanya kazi yake, anakurudishia. Mkishika nakala mbili kwa wakati mmoja, jioni kuna ukweli wa aina mbili, na hakuna mashine ya kuwaamulia.

Leja ya zamani, pamoja na uzito wake wote, haikuwa na tatizo hilo. Ilikuwa moja. Aliyeishika ameishika, na kila aliyeandika aliandika chini ya mwandiko wa aliyemtangulia. Tulipoingia kwenye kompyuta tulipata kasi ya kukokotoa na tukapoteza umoja wa kitabu. Kuurudisha umoja huo kulichukua karibu miaka 40.

Nyaya zilikuwepo mapema. Mei 1973 Robert Metcalfe wa maabara ya Xerox PARC, California, aliandika waraka wa kueleza mtandao wa kuunganisha kompyuta za jengo moja, akaujenga pamoja na David Boggs, ukaitwa Ethernet. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 kampuni kama Corvus ziliuza diski kubwa ambayo kompyuta kadhaa ndogo zingeweza kuitumia kwa pamoja. Lakini mara nyingi ushirika huo ulikuwa wa kugawana chumba: kila kompyuta ilipewa sehemu yake ya diski, na kompyuta mbili zikiandika katika sehemu moja bila kujuana, yaliyomo yaliharibika. Hatua ya maana ilipigwa na kampuni ya Novell ya jimbo la Utah, iliyotoa NetWare mwaka 1983. Hapo seva ilianza kuwa msimamizi wa mafaili yenyewe. Ilijua ni nani ameomba faili gani, na iliweza kukataa. Katika miaka hiyo hiyo Barry Feigenbaum wa IBM aliandika itifaki iliyokuja kuitwa SMB, ambayo mpaka sasa ndiyo lugha ya folda za pamoja katika ofisi nyingi duniani. Agosti 1984 toleo la 3.0 la mfumo wa DOS likaleta programu ndogo ya SHARE, na programu zikaweza kufungua faili kwa masharti: nimelifungua mimi, wengine wasome tu, au, nimelifungua, asiguse mtu, au, fungueni wote, nitafunga kipande nikitakacho.

Sharti lile la tatu ndilo lililoziokoa programu za hifadhidata. Katikati ya miaka ya 1980 dBASE III Plus iliweza kufunga rekodi moja ya mteja mmoja huku karani mwingine akirekebisha rekodi ya mteja wa pili katika faili lile lile. Malahajedwali yalishindwa kufuata njia hiyo, na sababu yake inafaa ielezwe kwa kituo, maana ndiyo kiini cha historia hii.

Rekodi ya mteja inajitegemea. Ukibadilisha simu ya mmoja, deni la mwingine haliguswi. Lahajedwali limesukwa kama wavu wa mvuvi: ukivuta fundo moja, mengine yote yanasogea. Seli B7 inajumlisha kutoka B1 hadi B6, jumla hiyo inachukuliwa na ukurasa wa pili, ukurasa wa pili unalisha muhtasari wa mkurugenzi. Programu haiwezi kukokotoa bila kuwa na wavu wote mkononi, kwa hiyo hulisoma faili zima kutoka diskini na kuliingiza katika kumbukumbu ya kompyuta. Tangu dakika hiyo, kilichobaki kwenye seva ni picha ya zamani. Mtumiaji anaweza kubadilisha seli 500 na seva isijue hata moja, mpaka atakapohifadhi. Na akihifadhi, hapeleki seli 500. Anapeleka faili zima, linalofunika lile la awali. Kama wawili wamelifungua pamoja na wote wameruhusiwa kuandika, anayehifadhi mwisho anafuta kazi ya mwenzake yote, kimya kimya, bila onyo.

Kwa hiyo watengenezaji walichagua kufuli kubwa kuliko yote. Matoleo ya Lotus 1-2-3 ya 1989 yaliweka utaratibu wa kuhodhi faili: wa kwanza kulifungua anapata hodhi, na anayefuata anaarifiwa kwamba anaweza kulitazama bila haki ya kuhifadhi kwa jina hilo. Excel, iliyotoka kwanza kwa Macintosh mwaka 1985 na kwa Windows mwaka 1987, ilifuata mkondo huo huo. Ujumbe wake umekuwa sehemu ya maisha ya ofisi duniani kote: faili limefungwa na fulani, je, ulifungue kwa kusoma tu, au usubiri uarifiwe likiachiwa? Matoleo ya karibuni huweka kando ya faili kuu kijifaili kilichofichwa, jina lake likianza kwa alama ~$, na ndani yake jina la mtu aliyelifungua. Akilifunga vizuri, kijifaili kinafutika. Umeme ukikatika kabla hajafunga, kinaweza kubaki. Hapo faili linatangaza kwamba liko mikononi mwa mtu ambaye pengine yuko kwenye daladala anarudi nyumbani, na wahasibu watatu wanazunguka vyumbani wakiuliza nani amelifungua.

Ukubwa wa faili uliongeza uchungu. Excel ilianza na mistari 16,384. Toleo la mwaka 1997 liliipandisha hadi 65,536, na la mwaka 2007 hadi 1,048,576 kwa safu 16,384, yaani nafasi ya seli zaidi ya bilioni 17. Watu wakipewa nafasi huijaza. Chukua faili la megabaiti 20 kwenye Ethernet ya megabiti 10 kwa sekunde, waya uliokuwa wa kawaida katika miaka ya 1990. Kulisafirisha mara moja kunahitaji sekunde 16 hata kama waya ni mtupu, na waya wa ofisi hauwi mtupu saa mbili asubuhi. Watu kumi wakilifungua kwa pamoja, wa mwisho anasubiri karibu dakika tatu. Kisha kila mara mtu anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, hata kama amebadilisha tarehe moja tu, megabaiti zote 20 zinasafiri tena.

Namna yenyewe ya kuhifadhi ina hatua ambazo wengi hawazijui, na zinaeleza mikasa mingi ya folda za pamoja. Excel haiandiki juu ya faili lako moja kwa moja. Kwanza inaandika faili jipya la muda kando yake, lenye jina la herufi na tarakimu nane zisizo na maana. Likikamilika, la zamani linafutwa na lile jipya linapewa jina lake. Ni utaratibu wa busara: mtandao ukikatika katikati ya uandishi, faili la zamani bado lipo. Ila unataka mtumiaji awe na ruhusa ya kufuta katika folda ile, wala si ya kuandika peke yake. Msimamizi wa seva akiiondoa ruhusa ya kufuta kwa nia ya kulinda mafaili, hatua ya mwisho inakwama, na folda inaanza kujaa majina ya ajabu ambayo hakuna anayethubutu kuyagusa. Ukikuta majina hayo kwenye seva yenu, jua kwamba kuna mtu alihifadhi kazi yake na huenda haikufika.

Katika miaka ya 1990 hata ofisi zisizo na fedha za kununua seva za Microsoft au Novell zilipata njia ya kuwa na folda za pamoja. Mwaka 1992 Andrew Tridgell, mwanafunzi wa Canberra huko Australia, alianza kugawa bure programu iliyoiwezesha mashine ya Unix kuzungumza lugha ya SMB. Programu hiyo, Samba, ilizipa taasisi nyingi folda za pamoja bila malipo ya leseni. Kufuli la lahajedwali, hata hivyo, lilibaki la ukubwa ule ule.

Microsoft ilijaribu kulivunja. Excel ya 1995 ilikuja na orodha za pamoja, jaribio finyu lisilodumu. Excel 97 ikaleta kitabu cha pamoja, na hili lilikuwa jaribio la kweli. Kila mtumiaji alikuwa na nakala yake katika kumbukumbu ya kompyuta yake. Alipohifadhi, programu ililisoma upya faili la seva, ikatafuta mabadiliko ya wenzake katika daftari la historia lililofichwa ndani ya faili lenyewe, ikayaunganisha na yake. Wawili wakiwa wamegusa seli moja, swali linatokea: ya nani ibaki? Kwa kawaida historia hiyo ilitunzwa siku 30.

Lilikuwa wazo la kishujaa, na lilishindwa mahali pale pale pa zamani. Chombo cha kushirikiana kilikuwa bado ni faili zima, likisomwa na kuandikwa lote. Historia ya siku 30 ya watu kadhaa ililinenepesha faili ambalo tayari lilikuwa zito. Ili uunganishaji usichanganyikiwe, mambo mengi yalipigwa marufuku mara tu kitabu kilipofanywa cha pamoja: usiunganishe seli, usiingize chati mpya, usifute ukurasa, usiweke uumbizaji wa masharti. Mtu wa bajeti aliyezoea kufanya hayo yote kila asubuhi alikiona chombo kama gereza. Tena hakuona kazi ya wenzake ikitokea. Aliiona baada ya kuhifadhi, ikiwa imechelewa dakika au saa. Miaka mingi baadaye Microsoft yenyewe iliviondoa vitufe vya kipengele hicho kwenye utepe wa Excel na kuwaelekeza watumiaji kwenye njia nyingine.

Watu hawakusubiri. Walipochoka na kufuli, walituma faili kwa barua pepe. Ushahidi mkubwa tulionao wa desturi hiyo ulipatikana kwa ajali ya kisheria. Kampuni ya nishati ya Enron, Marekani, ilianguka Desemba 2001, na barua pepe za wafanyakazi wake zikawekwa wazi wakati wa uchunguzi wa serikali. Mwaka 2015 Felienne Hermans wa chuo cha Delft, Uholanzi, na Emerson Murphy-Hill wa North Carolina walichapisha uchambuzi wa viambatisho vya barua hizo. Walitoa humo malahajedwali 15,770. Katika yale yenye fomula, karibu robo yalikuwa na angalau seli moja inayoonyesha ujumbe wa kosa. Kampuni kubwa iliyokuwa na seva na nyaya za kutosha ilikuwa bado inapeleka flopi chumba cha pili, ila safari hii flopi haikuonekana kwa macho.

Kwetu Afrika Mashariki habari hii ilikuwa na sura yake. Kabla ya mikongo ya baharini kufika, ofisi nyingi zilitoka nje kwa setilaiti. Faili letu la megabaiti 20 kwenye kiungo cha kilobiti 128 kwa sekunde linahitaji zaidi ya dakika 20 hata kama hakuna mwingine anayetumia. Kushirikiana lahajedwali kati ya Mombasa na Nairobi, au Mtwara na Dar es Salaam, kwa kweli kulimaanisha kutuma nakala na kuomba Mungu. Mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa mwaka 2009, na Julai mwaka huo huo SEACOM ikaanza kutoa huduma katika pwani yetu.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wa sekta ya afya. Nchini Kenya, maofisa wa kumbukumbu za afya wa wilaya walikuwa wakijaza takwimu za zahanati na hospitali katika malahajedwali ya Excel na kuyapandisha kwenye seva ya makao makuu. Kila wilaya faili lake, kila mwezi toleo lake. Makao makuu yakawa na mlima wa mafaili wa kuunganisha, na kiolezo kimoja kikibadilishwa safu na ofisa mwenye nia njema, fomula ya kujumlisha inasoma mahali pasipo. Mwaka 2011 nchi iliachana na utaratibu huo na kuingia kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao mzizi wake uko Afrika Kusini baada ya 1994. Mpango wa awali ulikuwa kuusimika katika kompyuta za wilaya moja moja. Lakini majaribio katika Mkoa wa Pwani yalionyesha kwamba modemu ya mtandao wa simu ilitosha kumwezesha ofisa kuandika moja kwa moja kwenye seva moja. Basi ikawa seva moja. Hadi Septemba 2011 wilaya zote zilikuwa zimeingizwa, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mfumo huo kitaifa kwa njia ya mtandao pekee. Tanzania, iliyokuwa na vitabu vya takwimu za afya vya MTUHA tangu miaka ya 1990, ilifikisha DHIS2 nchi nzima mwaka 2013.

Tazama kilichofanyika pale. Ofisa wa Kwale hapokei tena faili la nchi nzima wala la wilaya nzima. Anafungua fomu ya kituo kimoja, mwezi mmoja, anaandika namba, na kila namba inasafiri peke yake. Kufuli limekuwa dogo kama Jim Gray na wenzake walivyoeleza mwaka 1976. Lahajedwali bado lipo, maana wachambuzi wanashusha takwimu na kuzikokotoa katika Excel, lakini halibebi tena jukumu la kuwa kumbukumbu ya taifa.

Je, lahajedwali lenyewe lingeweza kufanyiwa hivyo? Jibu lilikuwa limeandikwa tangu 1989, pale Clarence Ellis na Simon Gibbs wa taasisi ya utafiti ya MCC, Austin, Texas, walipoeleza namna watu kadhaa wanavyoweza kuhariri andiko moja kwa pamoja bila kufuli kabisa. Wazo lao ni kutuma matendo badala ya mafaili. Nikiandika 400 katika mstari wa 10, mashine yangu inatuma tendo hilo tu. Kama wakati huo huo wewe umeingiza mstari mpya juu yake, tendo langu likifika linageuzwa: lililokuwa la mstari wa 10 sasa ni la mstari wa 11. Kila tendo linarekebishwa kulingana na yaliyotangulia, na skrini zote zinaishia kuonyesha kitu kimoja. Ilibidi intaneti ienee na vivinjari vipate nguvu ndipo wazo hilo liwafikie wahasibu.

Mwaka 2005 Google ilinunua kampuni ndogo ya New York, 2Web Technologies, ya Jonathan Rochelle na Farzad Khosrowshahi, iliyokuwa imetengeneza lahajedwali la kufunguliwa ndani ya kivinjari. Tarehe 6 Juni 2006 Google ikalionyesha hadharani. Kwa mara ya kwanza watu wengi wa kawaida waliona seli ikibadilika mbele yao kwa mkono wa mtu aliye mji mwingine. Dan Bricklin naye alikuwa amerudi kazini. Katika miaka hiyo hiyo aliandika wikiCalc, lahajedwali la mtandaoni ambalo wengi wangeweza kulihariri, likazaa SocialCalc, na juu ya msingi huo Audrey Tang, ambaye baadaye alikuwa waziri nchini Taiwan, alijenga EtherCalc. Inanigusa kwamba mtu aliyelianzisha lahajedwali la mtu mmoja alirudi mwenyewe kulifungulia mlango. Microsoft iliruhusu uhariri wa pamoja katika Excel ya kivinjari mwaka 2010, na katika Excel kamili ya kwenye kompyuta mwaka 2017.

Ukubwa uliendelea kudai haki yake. Ili matendo yatumwe papo hapo, lahajedwali la mtandaoni linapaswa kukokotoa haraka mbele ya watu wote waliomo. Google iliweka ukomo wa seli milioni 2, kisha 5, na mwaka 2022 ikafika milioni 10. Ni nyingi, lakini ni chembe tu ya bilioni 17 za Excel. Anayetaka mikono mingi hulipa kwa ukubwa, na anayetaka ukubwa hulipa kwa mikono.

Uingereza ililipa kwa namna mbaya zaidi. Wakati wa janga la Uviko-19, maabara zilipeleka majibu ya vipimo kwa shirika la afya ya umma, Public Health England, kama mafaili ya maandishi. Shirika liliyaingiza katika violezo vya Excel vya muundo wa zamani, ule wenye ukomo wa mistari 65,536, ili yapelekwe kwenye mfumo mkuu na kwa wafuatiliaji wa wagonjwa. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, kwa hiyo kiolezo kimoja kilijaa kwa takribani watu 1,400. Mistari ilipozidi, iliyobaki iliachwa nje. Mapema Oktoba 2020 serikali ilikiri kwamba wagonjwa 15,841 wa kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika takwimu za kila siku. Wenyewe walikuwa wamepata majibu yao. Waliokaa nao karibu ndio ambao hawakutafutwa kwa wakati. Suluhisho la haraka lilikuwa kugawa mafaili yawe madogo zaidi. Nchi tajiri, yenye mitandao ya kasi, ilikwama kwa sababu ilifanya faili kuwa gari la kusafirisha kumbukumbu kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Mpaka leo, faili la Excel lililowekwa kwenye folda ya kawaida ya seva ya ofisi bado lina kufuli lile la zamani: wa kwanza anaandika, wa pili anasoma. Uhariri wa pamoja unafanya kazi pale tu faili linapokaa kwenye huduma ya wingu iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo, mhasibu, karani wa mitihani, mtunza ghala unayesoma haya, mwulize mtu wenu wa TEHAMA wiki hii faili lenu kuu linakaa wapi. Kama liko kwenye folda ya seva na mnaligombania, lihamishieni mahali panapokubali mikono mingi. Na kama limefika maelfu kwa maelfu ya mistari ya malipo, wanafunzi au wagonjwa, ombeni hifadhidata, mkadai na fungu la bajeti la kuijenga, maana kazi hiyo lahajedwali halikuwahi kuumbiwa.